Kitanda cha Magome

Mhandisi Ambwene anakiita kichujio hai.
Mimi nakiita kitanda,
maana kila jioni nawalaza watu wangu humo
na sijawahi kumwona hata mmoja.

Chini kuna mawe mepesi ya Rungwe,
yale yenye vinyweleo, ukiyatupa majini yanaelea.
Juu yake magome ya msindano
tuliyopewa bure kwenye mashine ya mbao,
halafu samadi ya ng'ombe wa shemeji yangu,
aliyecheka mpaka akakaa chini:
"Unaondoa uvundo kwa mavi?"
Ndiyo, shemeji. Ndivyo hasa.

Feni inavuta pumzi ya dampo kwa mabomba,
pumzi ya kabichi, ya utumbo, ya dagaa wa Nyasa,
ya parachichi walizozikataa wanunuzi,
pumzi ya mayai viza,
inaisukuma chini ya kitanda,
nayo inapanda polepole, inatafunwa
na vinywa visivyohesabika,
hata ikitokeza juu
inanukia udongo ulioonja mvua.
Wenye njaa wamekula, basi.

Kazi yangu ni kuwanywesha.
Nachota gao la magome, nalikamua:
likitoa matone mawili, wametosheka.
Lisipotoa kitu, wana kiu.
Likitiririka, nimewazamisha.
Nimelea watoto wanne kwa kipimo hichohicho.

Zamani, kanisani, benchi langu lilikuwa na nafasi.
Watu wa Mafinga wana adabu, hawakunitamkia neno.
"Kamwene, mama,"
kisha leso puani
kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba ana mafua.
Binti yangu Tulizo alifua sare mara mbili,
akaianika jikoni juu ya moshi.
Heri moshi, alisema,
moshi kila mtu anao.

Sasa nakaa katikati ya benchi,
bega kwa bega na mke wa mwenye duka la saruji.

Lakini kuna jambo Ambwene hakuniambia,
labda halimo kwenye vitabu vyake.
Uvundo ndio uliokuwa mdomo wetu.
Ulipanda kilima bila barua,
ukaingia ofisini bila miadi,
ukakaa kwenye sahani ya diwani
kabla hajanawa mikono.
Ulipotulia, gari la halmashauri likaacha kuja.
Glovu zangu zimetoboka tangu Februari.
Uzio wa kusini umelala chini,
mbuzi wa watu wanapita na mifuko mdomoni.

Kisha ikaja Juni na sakitu yake.
Asubuhi nilikuta kitanda cheupe,
kama mtu kakimwagia unga wa sembe.
Nikatia mkono ndani: baridi mpaka kwenye kiwiko.
Usiku wa tatu uvundo ukainuka,
ukajinyoosha, ukashika njia ya mjini
kama mgeni anayekumbuka nyumba.

Simu ya Ambwene ililia kabla ya jogoo.
Saa tatu, magari matatu.
"Kumetokea nini?"
"Baridi. Wamelala."
"Nani wamelala?"
Nikamwonyesha diwani.
Akainama, akatazama magome, hakuona mtu.
Nikamwonyesha glovu.
Hizo aliziona.

Zilikuja Alhamisi, jozi moja,
zote mbili za mkono wa kushoto.

Tuliwafunika kwa nyasi na turubai,
siku ya sita nikahisi vuguvugu,
kama unavyohisi paji la mtoto homa ikishuka
ila huku unafurahia joto.
Nilikaa pale, mkono ukiwa ndani,
nikawasalimu kwa Kihehe.

Leo tena nyota zimekaza.
Nyasi tayari zinalia chini ya viatu.
Nimelitandaza turubai, nimeweka mawe pembeni,
moja, mawili, matatu.
La nne bado nimelishika.
Kona moja iko wazi,
ile inayoelekea mjini.